Miezi Sita Isiyokuwamo Kwenye Jedwali

Dhurwa, Ranchi
4 Agosti 2002

Mpendwa mwanangu Salomi,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo na kwa wajukuu zangu. Naomba radhi kwa kukuandikia katikati ya muhula, ilhali najua una kazi za wanafunzi za kusahihisha. Naomba radhi pia kwa mwandiko huu, kwani kioo cha kushoto cha miwani yangu kina ufa, na fundi wa miwani amekwenda kwao kupanda mpunga.

Huku tu wazima. Mvua ilichelewa, kisha ikaja yote kwa pamoja. Mama yako hajambo. Asubuhi ameniletea rugra, uyoga wa kwanza wa msimu, akasimama mlangoni kuhakikisha kwamba nimekula. Aliona daftari zangu zimetandazwa kitandani, akasema, "Shemeji, siku ukifa hizo nitawashia jiko, nimeshakwambia." Nikamjibu kwamba zina vumbi la chuma, hazitawaka vizuri. Akasema atajaribu.

Wamisionari walitufundisha kwamba mtu asitoe ombi lake kabla ya aya ya tatu. Hii ni ya tatu, kwa hiyo naomba ruhusa nianze.

Unafahamu kwamba nilisimamia zamu katika karakana ya kusubu chuma hadi nilipostaafu mwaka 1996. Kwa miaka kumi na tisa ya mwisho niliandika kila siku saa ambazo kila mashine ilisimama, na sababu yake. Katika sehemu yetu ya karakana kulikuwa na desturi aliyoianzisha Etwa Soy, mwendeshaji wa mashine ya kuchanganya mchanga wa kalibu, mtu ambaye hakukanyaga darasani hata siku moja. Mashine zilitoka Urusi, na vibao vyake hakuna aliyeweza kuvisoma. Sisi wenyewe tulikuwa Wamunda, Waoraon, Wabengali na Wabihari, kila mtu na lugha yake. Etwa akasema: anayetoka zamu asiondoke mpaka anayeingia ameweka kiganja juu ya mashine, amesikia malalamiko yake, na ameyarudia kwa maneno yake mwenyewe. Tuliiita kupokea kwa mkono. Wenzetu wa sehemu ya pili waliandika ubaoni tu, kisha wakaenda zao. Daftari zangu zinaonyesha kwamba mashine zetu zilisimama chini ya nusu ya saa za wenzetu.

Mwezi uliopita, katika maktaba ya seminari, nilisoma makala ya mabwana wawili wa Ulaya kuhusu makabidhiano ya zamu. Waliandika kwamba katika viwanda vya nchi zetu hakuna utaratibu wa namna hiyo unaojulikana. Nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu. Nisingependa Etwa afe, nami nife, na sentensi hiyo ibaki hai.

Wewe ni mhadhiri, na mambo ya majarida unayajua. Je, mzee asiye na shahada anaruhusiwa kupeleka makala kwenye jarida la usimamizi wa uhandisi na teknolojia? Kama hairuhusiwi, niambie bila haya. Na makala yako mwenyewe, ile uliyonieleza Krismasi, imefikia wapi?

Ni mimi baba yako mkubwa,
Dayal Topno


Pune
19 Agosti 2002

Shikamoo Baba Mkubwa,

Tu wazima wote. Mtoto mdogo ameng'oka jino, akalimeza pamoja na chapati, na amelia kwa sababu hana kitu cha kuonyesha shuleni. Mwambie Mama aache kuzitolea macho daftari zako.

Jibu ni ndiyo. Hakuna jarida linalouliza shahada. Linauliza swali lako ni lipi, ulilijibu kwa njia gani, na kwa nini tukuamini. Nimekuwekea humu masharti ya jarida moja linalochapishwa Chennai. Mhariri wake ni mtu makini na haonei mtu. Zingatia haya: nakala tatu, zilizopigwa taipureta upande mmoja wa karatasi, mistari iachane mara mbili. Ikisiri isizidi maneno mia mbili. Marejeo yawe mwishoni. Na jina lako lisionekane popote isipokuwa kwenye karatasi ya kwanza, ambayo mhariri ataitoa kabla ya kuwapelekea waamuzi wawili. Wao hawatakujua, na wewe hutawajua. Majina ya uliofanya nao kazi pia uyaondoe kwa sasa. Andika "Mwendeshaji A".

Naomba jambo moja kwa heshima zote, Baba Mkubwa. Katika makala usiombe radhi. Sema ulichokiona, basi.

Makala yako ni nzuri hata kabla hujaiandika. Uniletee rasimu.

Mwanao,
Salomi


Dhurwa, Ranchi
29 Septemba 2002

Mpendwa mwanangu Salomi,

Nimepokea rasimu uliyoisahihisha kwa wino mwekundu, na ninakushukuru. Nilihesabu "samahani" kumi na moja ulizozikata. Ya kumi na mbili hukuiona, nami nikaikata mwenyewe ili niwe mwaminifu.

Huku sikukuu ya Karam imepita, ngoma zimelala, na mpunga umesimama vizuri. Mama yako amepata mafua lakini hakubali kwamba ni mafua. Anasema ni vumbi la daftari zangu.

Makala imeondoka jana kwa rejista. Kuwapelekea watu maandishi bila jina kulinipa shida kubwa. Niliona ni sawa na kubisha hodi nyumbani kwa mtu nimejifunika shuka usoni. Hata salamu hairuhusiwi. Nikajifariji kwa barua ya mhariri inayoambatana na makala, ambayo masharti yanaikubali. Humo nilimsalimu, nikamweleza umri wangu, nikamwomba anisamehe kwa mapungufu ya jedwali la pili na la nne, kwa ugeni wangu, kwa taipureta ya parokia ambayo herufi yake ya "e" imejaa wino, na nikamhakikishia kwamba akiona makala haifai, basi ni kosa langu na si la jarida.

Kijana wa posta, mtoto wa mpishi wa zamani wa kiwanda, alisoma anwani akaniuliza, "Babu, unaomba kazi Chennai?" Nikamwambia naomba kusomwa. Akasema, "Hiyo ni ngumu kuliko kazi."

Hukunijibu habari ya makala yako.

Wako,
Dayal Topno


Pune
4 Novemba 2002

Shikamoo Baba Mkubwa,

Mhariri ameniandikia, kwa kuwa ulimtajia kwamba mimi ndiye niliyekuelekeza. Anauliza kwa adabu kama mzee Topno amepeleka makala au ameiondoa. Amesoma barua yako mara tatu na hawezi kujua. Makala ilikuwa imewekwa kwenye kabati la zilizoondolewa na waandishi.

Nimempigia simu. Nimemweleza kwamba ulilelewa na watu waliokuwa wakikiomba kiti radhi kabla ya kukikalia. Amecheka mno, na siku hiyo hiyo makala imekwenda kwa waamuzi. Sasa tungoje, huenda miezi mitatu.

Sisi wazima. Wanafunzi wangu wamegoma kwa sababu ya chakula cha bweni, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mwaka huu nimelala mchana.

Salomi


Dhurwa, Ranchi
18 Januari 2003

Mpendwa mwanangu Salomi,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umekwisha kuchakaa. Krismasi ilikuwa njema. Kwaya iliimba nyimbo saba, na mchungaji akahubiri kwa urefu wa nyimbo saba nyingine. Baridi ni kali. Mama yako amenifumia kofia ya rangi ya manjano ambayo naivaa ndani tu, naye anajua.

Majibu ya waamuzi yamekuja. Makala haikukataliwa, wala haikukubaliwa. Wanataka irekebishwe kwa kiasi kikubwa, kisha waione tena. Mwamuzi wa kwanza ni mpole. Anataka marejeo zaidi. Mwamuzi wa pili nakuandikia maneno yake kama yalivyo:

"Mwandishi anaijua karakana kuliko mtu yeyote niliyepata kumsoma. Ndiyo maana sielewi jedwali la tatu. Takwimu zinatoka Februari 1988 zinarukia Septemba 1988. Miezi sita haipo, na mwandishi, anayeeleza kila kitu kingine hadi rangi ya grisi, hasemi neno juu yake. Bila miezi hiyo siwezi kupendekeza makala hii ichapishwe."

Kuhusu hilo nitamjibu kwamba daftari za miezi hiyo ziliharibiwa na mchwa. Marejeo nitayatafuta seminari. Naona kazi inaweza kumalizika kabla ya Pasaka.

Je, na makala yako?

Wako,
Dayal Topno


Pune
3 Februari 2003

Shikamoo Baba Mkubwa,

Tu wazima. Mtoto ameota jino jipya na anaonekana kama mwanasiasa.

"Rekebisha kwa kiasi kikubwa" ni habari njema kuliko unavyodhani. Wengi hawapati hata hiyo.

Ila daftari zako zinakaa ndani ya sanduku la bati. Nilikuwa nalikalia nikiwa mdogo nikila chapati za chilka, na Mama Mkubwa Rahil, Mungu amrehemu, akinigombeza kwa makombo. Mchwa hawali bati, Baba Mkubwa.

Sitakuuliza zaidi. Lakini usimwandikie mwamuzi habari za mchwa. Kitakachoandikwa pale kitabaki na jina lako tutakapokuwa sote hatupo.

Mwanao,
Salomi


Pune
24 Machi 2003

Shikamoo Baba Mkubwa,

Wiki saba sijapata barua yako. Mama anasema kwenye simu kwamba hujambo, unakula, lakini umefunga daftari sandukuni na huzungumzii tena Chennai. Anasema, "Nilitaka aziache, sasa ameziacha, sipendi."

Kama nilikuvunjia heshima, nisamehe. Nitakueleza nawe jambo ambalo sikutaka kulisema. Makala yangu, unayoiulizia kila mara, ilirudishwa Januari mwaka jana. Mwamuzi mmoja aliandika kwamba naandika kama mtu asiyekanyaga kiwanda. Niliiweka kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo. Tangu hapo sijaandika ukurasa hata mmoja. Ndiyo maana nilikuwa nakujibu habari za meno.

Marekebisho yanatakiwa mwisho wa Juni.

Salomi


Dhurwa, Ranchi
13 Aprili 2003

Mpendwa mwanangu Salomi,

Wewe hukunivunjia heshima. Nimeandika barua hii mara tano. Mama yako yu mzima, nami ni mzima. Kwa leo nitaziacha salamu nyingine, unisamehe.

Tarehe 9 Machi 1988 nilikuwa zamu ya asubuhi, inayokwisha saa nane mchana. Kuanzia saa tano niligundua kwamba klachi ya mashine ya mchanga inateleza: ukiizima, baada ya muda inaweza kugeuka yenyewe mara moja au mbili. Nilikusudia kumkabidhi Etwa hilo kwa mkono, kama desturi. Saa saba na dakika arobaini mlinzi wa getini akaniletea habari kwamba Rahil ameanguka kwenye kikao cha akina mama, na amepelekwa hospitali. Nilivua koti la kazi nikaondoka.

Kuondoka halikuwa kosa. Lakini palikuwa na chaki, palikuwa na ubao, na palikuwa na watu wanane wa kuwaachia neno. Nilijiambia, nitamweleza kesho. Saa nane na robo Etwa alizima mashine akaingiza mkono kutoa bonge la mchanga. Mashine ikageuka. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Rahil aliamka jioni. Ilikuwa shinikizo la damu. Aliishi miaka minane zaidi, wala sikumwambia, kwa kuwa nilihofia angeona vidole vile vilikwenda kwa ajili yake.

Kilichofuata ni kibaya zaidi. Kwenye rejista ya ajali afisa aliandika, "Uzembe wa mfanyakazi." Akanipa kalamu nitie sahihi kama msimamizi. Nikatia. Etwa hakulalamika. Alihamishiwa stoo, akastaafu mapema, akarudi kwao upande wa Khunti. Nilimtembelea hospitalini mara moja na machungwa.

Baada ya hapo sikuwa na uso wa kuwaamuru watu kupokea kwa mkono. Desturi ililala miezi sita. Vijana wenyewe waliirudisha Septemba, bila mimi. Daftari za miezi hiyo zipo, na ni safi. Niliziondoa kwenye jedwali ili nisiulizwe.

Nilidhani nikiiandika sifa ya Etwa kwenye jarida la wasomi, deni hilo lingelipika bila mimi kulitaja. Mwamuzi wa pili, ambaye sijui hata sura yake, alinisoma mpaka chini. Nadhani yafaa niiondoe makala, safari hii kwa kukusudia.

Nasikitika kuhusu droo yako. Mwenye kuandika maneno yale alikosa adabu.

Dayal Topno


Pune
22 Aprili 2003

Baba Mkubwa, shikamoo,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, na watu wamenipita.

Nitakujibu kwanza kama mwanao. Nampenda Mama Mkubwa Rahil leo kama jana, na wewe pia.

Sasa nakujibu kama mtu wa fani. Umeniambia kwamba desturi ilifanya kazi miaka kumi na moja, ikasimama miezi sita, ikarudi ikafanya kazi miaka minane. Watu wale wale, mashine zile zile, mchanga ule ule. Saa za mashine kusimama katika miezi hiyo sita zilikuwaje? Kama zilipanda, basi hiyo miezi ndiyo ushahidi wenyewe. Mtafiti yeyote angeomba apate kitu kama hicho, wewe umekikalia kwenye sanduku la bati.

Lakini habari hizo si zako peke yako kuzitoa. Etwa Soy yu hai? Kama yu hai, nenda kwake kabla ya kumjibu mhariri. Akikataa, tutaiondoa makala, na nitakuwa upande wako. Akikubali, andika yote.

Salomi


Dhurwa, Ranchi
1 Juni 2003

Mpendwa mwanangu Salomi,

Salamu kwa wote. Joto limetuchosha, hata kunguru wanatembea kwa miguu. Mama yako alinifungia maandazi ya dhuska ya safari, akaniambia nivae kofia ya manjano kwa jua. Nilivaa mpaka kituo cha basi.

Zilipanda, mwanangu. Niliketi siku mbili na zile daftari. Katika miezi ile saa za kusimama zilifikia karibu sawa na za wenzetu wa ubaoni, na Septemba zikaanza kushuka. Sikujua kama nifurahi au nione aibu.

Etwa yu hai. Nilimkuta uani anasuka kikapu cha mianzi, ameshika ufito kwa vidole viwili na kuuvuta kwa meno. Aliniita kwa cheo, kama zamani.

"Mistri. Umezeeka vibaya."

"Hujambo, Etwa?"

"Mimi nimezeeka vizuri. Kaa. Si hapo, hapo kuku wamefanya yao."

Mkewe, Budhni, akaleta pombe ya mchele kwenye vikombe vya majani. Unajua msimamo wa kanisa letu kuhusu kinywaji. Nilikunywa, kwa kuwa sikuona namna nyingine ya kushika kikombe kile bila kukimwaga.

Nilimweleza. Nilikuwa nimeandika hotuba, lakini nilipofungua karatasi aliniambia, "Weka hiyo. Ulichelewa miaka kumi na mitano, sasa unataka kunisomea?" Basi nikasema kwa mdomo. Habari ya klachi, ya chaki, ya kalamu. Hakuacha kusuka. Nilipomaliza akasema:

"Nilijua siku ile ile."

"Ulijuaje?"

"Waliponibeba ndipo nikaona majivu sakafuni. Wewe ulikuwa unamwaga majivu chini ya mashine ambayo klachi yake inateleza na kuvuja, watu wasikanyage mafuta. Nani mwingine alikuwa na uchafu huo? Nilikungoja hospitalini uje useme. Ukaja na machungwa, ukakaa nusu saa ukanieleza habari za mvua."

"Naomba radhi, Etwa."

"Unanichosha na radhi zako, tangu kiwandani. Niambie, hiyo karatasi ya Chennai inasema nani alikuwa mzembe?"

Nikamwambia itasema kwamba msimamizi wa zamu aliondoka bila kukabidhi, kisha akatia sahihi uongo.

"Ana jina huyo msimamizi?"

Nikamweleza kuhusu waamuzi na shuka la usoni: majina hayaruhusiwi sasa, lakini makala ikikubaliwa yatarudi yote mawili, langu na lake. Etwa akaweka kikapu chini.

"Basi usidanganye tena. Andika na kosa langu. Kanuni nilitunga mimi: usiipokee mashine kwa mtu ambaye hayupo. Nilifika, hukuwapo. Nilitakiwa niikatae mashine, nimwite mkuu. Sikumwita. Ningekuchongea, na ulikuwa hujawahi kuondoka mapema. Nikajisemea, Mistri angekuwa na neno angeliacha. Nikawasha."

Budhni, ambaye nilidhani hasikii, akasema kutoka jikoni, "Wawili wajinga, mkono mmoja."

Etwa akacheka mpaka akakohoa. Nami pia, nisamehewe.

Aliweka alama ya dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa, dole gumba la mkono ule ule. Nimeandika sehemu mpya, ya sita. Inasema kwamba desturi ile haikuvunjwa na uvivu wala haraka peke yake. Ilivunjwa na heshima: mimi nilimwamini mno nikadhani hawezi kudhurika, naye aliniheshimu mno asinishitaki. Utaratibu wowote wa makabidhiano unapaswa kumpa aliye chini ruhusa ya kukataa bila kuonekana msaliti. Jedwali la tatu sasa halina pengo. Nimepeleka jana, na barua ya mhariri iliyoambatana nayo ina mistari mitatu tu. Ya kwanza inasema: makala hii haijaondolewa.

Dayal Topno


Pune
8 Septemba 2003

Shikamoo Baba Mkubwa,

Wote wazima. Mama ameniambia umeanza kuvaa ile kofia mpaka sokoni, na kwamba watu wameizoea kuliko yeye.

Nina habari moja. Nimefungua droo. Makala yangu ilikuwa mbovu kweli, na yule mtu hakukosea: nilikuwa naandika kuhusu viwanda nikiwa dirishani. Tangu Julai nimekuwa nakwenda kila Jumamosi kwenye kiwanda kidogo cha pampu hapa nje ya mji, nakaa pembeni wakati wa kubadilishana zamu. Wiki ya kwanza wanawake wa pale walinidhani afisa wa kodi. Wiki ya tatu mmoja akanipa kiti akasema, "Dada, kama hufanyi kazi, basi kaa usianguke." Wana desturi yao, tofauti na yenu. Naiandika. Sijui kama itakubaliwa. Naiandika vivyo hivyo.

Hujapata neno kutoka Chennai?

Salomi


Dhurwa, Ranchi
19 Oktoba 2003

Mpendwa mwanangu Salomi,

Salamu kwako, kwa mumeo, kwa mwanasiasa wetu na kwa dada yake. Mpunga umeanza kukatwa. Mama yako amekwenda kwao kusaidia mavuno, kwa hiyo naandika barua hii nyumba ikiwa kimya. Nilifurahi sana juu ya droo. Msalimie yule mwanamke wa kiti, nadhani ningefanya naye kazi vizuri.

Makala imekubaliwa. Itatoka katika toleo la Machi. Mwamuzi wa kwanza ameridhika na marejeo. Wa pili ameandika mistari miwili: "Sehemu ya sita ndiyo makala yenyewe. Mwandishi apewe pongezi zangu, na ikiwezekana azifikishe kwa Mwendeshaji A." Nilisoma nikaketi. Kisha nikasimama, nikaketi tena.

Nilizifikisha. Nilikwenda Khunti Jumanne. Mjukuu wa Etwa, anayesomea ualimu, alimfasiria sehemu ya sita kwa Kimundari, uani, na majirani watatu wakajisogeza. Alipofika penye maneno kwamba rejista ya ajali ilisema uongo, Etwa alimwinulia mkono ule wenye vidole viwili. "Hapo rudia." Akarudia. "Polepole." Akarudia polepole. Jirani mmoja mzee, ambaye nadhani kwa miaka yote hiyo kila alipolewa alimwita Etwa mzembe, alitazama chini, kisha akasema lazima aende kuangalia ng'ombe. Etwa akamwambia, "Ng'ombe wako alikufa mwaka jana, kaa usikilize."

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonichelewesha kukuandikia. Jarida limeniletea fomu ya mwisho ya kutia sahihi kabla ya kuchapa. Inauliza kama mwandishi ana uhusiano wowote na mtu aliyetajwa katika utafiti, ambao ungeweza kuathiri maoni yake. Kama upo, autaje. Nafasi waliyoiacha ni mstari mmoja mfupi. Kwa siku nne sikujua neno la kuweka hapo. Msimamizi wake wa zamani si kweli yote. Mdeni wake ni kweli, lakini radhi zangu zilimchosha, na neno hilo lingemchosha pia. Basi siku ile ya Jumanne, majirani walipoondoka, nilimwonyesha fomu nikamuuliza yeye.

Aliitazama kana kwamba anaweza kuisoma.

"Wanataka kujua mimi ni nani yako?"

"Ndiyo."

"Andika rafiki. Ukiona haya, andika jirani, lakini unakaa mbali, watakushuku."

Nimeandika rafiki, kwa wino, na fomu nimeituma jana asubuhi kwa rejista.

Baba yako mkubwa akupendaye,
Dayal Topno